Tairi la Mbele la Lemayian

3 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na mimi nimeanza daftari. Lilinunuliwa kwa ajili ya kuorodhesha spea za karakana, lakini spea zenyewe hakuna, basi acha niandike mengine. Naitwa Laurencia, mzaliwa wa Kansay, fundi baiskeli hapa Karatu mjini. Watalii wakiingia karakanani hunipita wakamtafute fundi. Nimeshazoea, ila sijapenda.

Tunazo baiskeli nane za milimani, mali ya bosi wangu Leonida. Mwongozaji ni mmoja tu, Lemayian, kijana wa Kimasai kutoka juu Ngorongoro. Ukame ule mkubwa uliwamaliza ng'ombe wa baba yake, akashuka kutafuta kazi na mkewe Nasieku. Leo Leonida ametuita wote wawili. Kampuni moja ya safari ya Arusha itatuma watu tarehe 17 Mei, wapande na Lemayian kutoka Mbulumbulu hadi Mang'ola kwa siku moja. Wakiridhika, watatuletea wageni mwaka mzima, na Lemayian ataajiriwa rasmi, aache kuishi kwa kuitwa na kurudishwa. Wasiporidhika, Leonida anauza baiskeli.

"Matairi ni yako, Laurencia," akaniambia. "Chagua aina moja inayofaa kote."

Kote. Amelisema kana kwamba linauzwa mnadani.

4 Machi

Mvua.

7 Machi

Juu Mbulumbulu ni udongo mwekundu wa mfinyanzi. Ukilowa, unajaa kati ya meno ya tairi, na baada ya hatua hamsini huna tairi tena, una tonge la matope linaloteleza. Kule unataka meno marefu yaliyoachana, yaweze kuutema udongo. Lakini huku chini, ukishapita Daa na kuteremkia Mang'ola, ni mawe makali na miiba ya migunga. Meno marefu yanayumba juu ya mawe na kukatika, na tairi lenye ubavu mwembamba linachanika kama gazeti.

Na yote haya bila tyubu. Nilimwahidi Leonida hivyo mbele ya watu. Tairi linabana kwenye rimu lenyewe, na ndani unamimina majimaji meupe ambayo mafundi tunayaita maziwa. Mwiba ukitoboa, maziwa yanakimbilia tundu na kuganda. Kwa hiyo unaweza kupanda na upepo mdogo, tairi likalala vizuri juu ya jiwe bila wewe kuogopa tyubu kubanwa na kupasuka.

Nina sampuli tatu ukutani: la matope, la kukimbia, na moja la katikati ambalo ni zito kuliko yote. Lemayian alipita akabonyeza ubavu wa kila moja kwa kidole gumba. Nikamwambia hatununui mbuzi hapa. Akacheka kwa adabu.

"Dada, hili la matope ngozi yake nyepesi," akasema.

Mtu aliyejifunza kupanda baiskeli miaka mitatu iliyopita ananifundisha mimi tairi.

15 Machi

Nimemtuma Lemayian kwenye mteremko wa Daa na tairi la matope mbele na nyuma. Amerudi kwa miguu, baiskeli begani, ubavu wa nyuma umechanika urefu wa kidole. Hakusema neno, ameitundika tu mahali pake. Angesema "nilikuambia" ningemheshimu kidogo na kumchukia kidogo. Hakunipa nafasi ya lolote.

16 Machi

Mvua. Nimeshona tairi lile kwa uzi wa viatu, kwa hasira tu.

22 Machi

La kukimbia nalo nimeling'oa. Nililipanda mwenyewe kuelekea Mbulumbulu, nikaanguka mara mbili kwenye shamba la ngano la watu. Mama mmoja mwenye jembe alinitazama nikijifuta, akaniuliza kwa Kiiraqw kama nyumbani kwetu hakuna kazi.

Limebaki la katikati. Meno ya kati ni mafupi na yamekatwa mshazari upande wa mbele ili lisilie barabarani. Ya pembeni ni marefu, ndiyo yanayoshika ukilaza baiskeli kwenye kona. Mpira wake si laini sana, hautaisha upesi. Ubavu mnene. Halishindi la matope kwenye matope wala la kukimbia kwenye barabara ngumu. Kila mahali ni la pili. Nimekaa nalo mapajani muda mrefu, na nikakumbuka kwamba Lemayian alilibonyeza bila kulisema vibaya.

2 Aprili

Kumbe anajua. Leo tumepanda pamoja msituni, mimi nyuma yake, na nimeona kwa nini haanguki. Haangalii gurudumu. Anaangalia mbali, anachagua mahali pa kupita kabla hajafika, kama mtu aliyepitisha ng'ombe wengi mahali pabaya. Nilimuuliza anajuaje tope lipi lina kina.

"Naona linavyong'aa," akasema. "Wewe unaangalia karibu mno, dada. Jicho lipeleke mbele, mguu utafuata wenyewe."

Nikampa tairi la katikati. Upepo tumeujadili kama watu wanaopatana mahari: mimi nataka zaidi kidogo, yeye anataka pungufu. Tumekubaliana kuanza na mwingi kule juu na kupunguza tope likizidi. Nilimfundisha kuizungusha vali, ule mdomo wa kujazia upepo, ije juu kabla ya kutoa upepo, maana ikiwa chini maziwa yanaruka. Jaribio la kwanza alisahau, yakamjaa usoni. Tulicheka mpaka Leonida akatoka ofisini.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Njia ya Msalaba kwenye tope, mapadre na wasio mapadre viatu mkononi. Sijapanda mahindi ya mama kule Kansay. Moyo wangu mzito na sijui kwa nini.

1 Mei

Nasieku alikuja karakanani kumletea mumewe chakula. Ana mimba ya miezi sita. Aliniuliza kama kweli tarehe 17 ikipita salama Lemayian atapewa mkataba. Nikamwambia, "Hilo niachie mimi." Ndivyo nilivyosema, kwa maneno hayo hayo.

9 Mei

Nimefungua ndoo ya maziwa iliyobaki tangu mwaka jana. Imeganda yote, mabonge ya mpira yanayonuka. Kosa langu, niliiweka karibu na dirisha wakati wa kiangazi. Leonida ameagiza nyingine Arusha, itakuja na basi.

12 Mei

Mzigo umefika. Chupa mbili zimepasuka njiani, zimebaki nyingine mbili. Zinatosha baiskeli tatu: za wageni wawili na ya akiba, ambayo lazima iwe tayari kwa mgeni. Ya Lemayian haina kitu.

Nilimweleza. Akasema, "Niwekee tyubu tu, dada, mimi nimezoea."

Nikakataa. Nilimwambia tyubu na upepo mdogo kwenye mawe ya Mang'ola haitamaliza saa moja. Ni kweli, haitamaliza. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilikwishasema baiskeli zote hazitakuwa na tyubu, na sikutaka watu wa Arusha waone yetu wenyewe inayo.

14 Mei

Nimepata njia. Nimekwenda Kansay kwa mama kutazama mahindi, nikasimama kwenye ua wa manyara, nikamkumbuka baba akiziba tyubu ya baiskeli yake kwa utomvu wa mmea huo. Kila mtoto wa kwetu anajua manyara: ukivunja kijiti, maziwa meupe yanachuruzika, na anayejipaka machoni anapofuka. Tulichapwa kwa kucheza nayo.

Nilikata vijiti, nikakinga utomvu kwenye kopo, nikachanganya na maji na vumbi la mpira wa tairi bovu. Nilivaa glavu na miwani ya kuchomelea. Nimemimina kwenye matairi yote mawili ya Lemayian, nikayatoboa kwa mwiba mara sita. Mara sita yamejiziba. Nimefurahi peke yangu karakanani hadi nikajiona mjinga.

Lemayian alipokuja jioni aliuliza maziwa nimeyapata wapi. Nikasema yalikuwa yamebaki kwenye chupa. Sijui kwa nini nilidanganya. Najua. Angekataa, na angekuwa na haki.

16 Mei

Kila kitu tayari. Mvua kubwa tangu asubuhi.

17 Mei

Acha niandike yote, na kwa mpangilio wake.

Tulifika Mbulumbulu saa moja kasoro, ukungu mzito, ngano imelala kwa mvua. Wageni walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, watu wa mazoezi, wanajua baiskeli. Mimi na Leonida tulifuata na pikapu. Baada ya kilomita moja hivi udongo ulianza kushika, wakasimama. Lemayian akasema tupunguze upepo. Alianza na baiskeli za wageni, vali juu, taratibu, kama nilivyomfundisha. Halafu akainamia yake. Yule mwanamke akamuuliza habari za msitu, kama nyati wanashuka mashambani, naye akamjibu huku mkono wake uko kwenye gurudumu la mbele. Vali ilikuwa chini.

Maziwa yalimrukia usoni. Wageni wakacheka, hata wao yamewahi kuwarukia. Lemayian naye akacheka, akajifuta kwa pindo la shuka.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa pikapu. Nilichukua chupa ya maji nikakimbia.

"Nawa," nikamwambia. "Nawa sana."

"Ni maziwa tu, dada. Si yamenirukia juzi tu?"

Alijirushia maji viganja viwili, akapepesa. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu tayari.

"Nawa tena."

Yule mgeni wa kiume akauliza, "Kuna tatizo?"

Leonida alinitazama. Lemayian alinitazama, kwa jicho moja, akingoja. Ilikuwa kusema sentensi moja tu: hayo si maziwa ya dukani, ni manyara. Nilikuwa nayo mdomoni. Niliwaona wale wawili wakiniangalia na viatu vyao safi, nikaona mkataba, nikamwona Nasieku na tumbo lake, na nikajiona mimi fundi mwanamke ambaye kila mtu anangoja akosee.

Nikasema, "Hakuna shida."

Kazi yetu yote ya utalii tunaisema kwa maneno hayo mawili. Mgeni akipoteza begi, hakuna shida. Gari likizama, hakuna shida. Yametoka yenyewe.

Akapanda. Amepanda mpaka Mang'ola, kutwa nzima, jua la mchana lilipotoka akivuta kofia upande wa kushoto. Kila tuliposimama nilimpa maji, naye aliyanywa. Kwenye mteremko wa mawe nilimwona akiinamisha kichwa kupisha jicho la kulia litazame mbele. Hakuanguka. Hakuna tairi hata moja lililotoboka njia nzima. Wageni walibonyeza matairi, wakauliza ni aina gani, nani aliyechagua. Leonida akanionyesha kwa kidole. Wakanipa mkono. Kampuni imekubali.

Jicho la Lemayian lilikuwa limefumba kabisa. Alisema ni vumbi na uchovu, akilala atapona.

18 Mei

Sikwenda misa.

19 Mei

Nasieku amempeleka hospitali. Daktari alimuuliza kimeingia nini, akasema maziwa ya tairi. Daktari akampigia Leonida, Leonida akamsomea maandishi ya chupa kwenye simu, neno kwa neno: hayadhuru, osha kwa maji. Mimi nilikuwa pale pale karakanani, nimeshika spana, nasikiliza.

Nilisikiliza mpaka akakata simu.

20 Mei

Mvua imekatika. Jua kali. Wote wanasema masika yameisha mapema.

21 Mei

Leo nimesema. Leonida aliingia kunieleza kwamba jicho limezidi, limetanda weupe, wanampeleka hospitali kubwa ya macho na madaktari hawaelewi. Nikamwambia wataelewa watakapojua. Nikamweleza kopo, glavu, miwani ya kuchomelea.

Hakupaza sauti. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaniuliza, "Miwani ulivaa wewe?"

Nikaitikia.

"Na yeye ukampa bila kumwambia."

Nikaitikia tena. Akanipa simu yake. Nilimpigia daktari mwenyewe, nikamtajia mmea kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw, akaniuliza ni lini, nikamwambia ni siku ya nne. Akasema ahsante kwa kutuambia. Ahsante hiyo imenichoma kuliko tusi.

Leonida alipotoka alisema, "Kwake utakwenda mwenyewe. Mimi sitakusemea."

22 Mei

Nimeyatoa matairi ya Lemayian, nimeyaosha, nimeyachoma nyuma ya karakana. Moshi mweusi. Majirani wamelalamika.

30 Mei

Kundi la kwanza la kampuni limekuja. Leonida ameazima mwongozaji kutoka Arusha, anayeangalia gurudumu lake muda wote. Matairi ni yale yale ya katikati. Yanafanya vizuri. Kila anayeyasifu namchukia.

8 Juni

Nimekwenda Kansay, mama ameniuliza kwa nini nimekonda. Mahindi yamekauka yakiwa kifuani. Nilipita mbali na ua.

12 Juni

Wamemruhusu. Nasieku amempigia Leonida. Jicho la kulia zima. La kushoto linaona mwanga na kivuli cha mtu, basi. Daktari amesema wangeanza matibabu siku ile ile, wangekuwa na la kuokoa. Leonida ameandikiwa na kampuni: mwongozaji wa jicho moja hawamkubali kwenye miteremko. Amewajibu atampa kazi nyingine, lakini hana nyingine, anajua na mimi najua.

14 Juni

Nimekwenda. Nimeahirisha siku mbili, jana na juzi, kwa sababu za kipuuzi ambazo sitaziandika.

Chumba chao kiko nyuma ya kinu. Lemayian alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, shuka mabegani, miwani myeusi ya hospitali. Nasieku akanipa kiti na chai. Nilimwomba asiondoke, asikie na yeye. Akakaa kwenye kizingiti, mkono tumboni.

Nilitaka kuanza kwa mbali, akaniwahi.

"Dada, daktari aliniambia ni manyara," akasema. "Nimekaa kule kitandani nafikiri, nimeegemea ua wa nani? Kule kwetu juu haumei. Mbulumbulu sikugusa ua. Nimehesabu njia nzima, sioni."

Nikamwambia hakuna ua. Nikamweleza yote, kuanzia ndoo niliyoiacha dirishani. Hata miwani ya kuchomelea sikuiruka. Nikamwambia nitasimama mbele ya wazee wake wakiniita, na wakitaka ng'ombe nitatafuta ng'ombe.

Nasieku alisema kitu kwa Kimasai, kifupi. Mumewe alimjibu kwa kichwa tu. Kinu kilikuwa kinasaga, ilibidi tungoje kinyamaze.

"Kutia manyara, hiyo naelewa," akasema. "Kitu kimeisha, umetafuta kingine. Mimi pia ningetafuta." Alikuwa amenigeuzia upande wa kulia ili anione. "Lakini pale kwenye tope. Uliponiletea maji. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na wale walipouliza."

"Nilijua, Lemayian."

Akavua miwani, akaifuta kwa shuka, akaivaa tena.

"Uliogopa ningefanya nini?"

Nilikuwa nimejiambia wiki nne kwamba angekasirika, angeacha safari, angepoteza mkataba, wageni wangeondoka. Pale kwenye kiti cha Nasieku sikuona sababu hata moja ikisimama.

"Sijui," nikasema.

"Ningenawa, dada," akasema. "Ningenawa tu mpaka maji yaishe, halafu ningepanda."